MKONO HAUJIPIMI WENYEWE

Hotuba kwa waumini na waalimu wa Kipatimu, juu ya matabibu wapasuaji na jinsi wanavyoujua ustadi wao



Siku za yubile ni siku za kuhesabu. Twahesabu miaka iliyopita, shule zilizojengwa, watoto waliofundishwa kusoma, wagonjwa waliotibiwa. Hesabu hizo ni njema, nazo hutufurahisha. Lakini mimi nimeombwa kusema habari ya afya, nami nimechagua hesabu ya namna nyingine, iliyo ngumu kuifanya, wala haifurahishi sikuzote. Nataka tuulize neno hili: tabibu mpasuaji, yaani yule achukuaye kisu na kuufungua mwili wa mtu ili amponye, ajuaje kama mkono wake ni hodari? Na akijipima mwenyewe, je, kipimo chake ni cha kweli?

Msidhani ya kuwa neno hili ni la matabibu peke yao. Mama aliyeshikwa na uchungu siku mbili katika vilima vyetu hivi vya Umatumbi, akachukuliwa kwa machela au kwa pikipiki, hana nafasi ya kumchagua mpasuaji. Humpata yule aliyepo. Mzee mwenye busha, maradhi tunayoyajua sana sisi watu wa Kilwa na Lindi, hulala mezani, akachomwa sindano ya ganzi, na tangu saa ile uzima wake umo katika vidole vya mtu mwingine. Ikiwa mwenye vidole hivyo ajidhania kuwa hodari kupita alivyo, atashika kazi isiyo kadiri yake. Ikiwa ajidhania kuwa dhaifu kuliko alivyo, atampeleka mgonjwa Lindi au Dar es Salaam kwa kazi ambayo angeiweza, na labda damu itamwishia njiani. Kosa la kujipima lina gharama, na anayelipa si yule aliyejipima.

Wahenga walisema, Kinyozi hajinyoi. Hawakusema hivyo kwa sababu kinyozi hana wembe, wala kwa sababu hajui kunyoa. Wembe anao, na kunyoa ndiyo kazi yake. Ila kisogo chake hakioni. Wakasema tena, Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mithali ya kwanza yatufundisha kwamba mtu hawezi kujiona kote. Ya pili, kwamba hata pale anapojiona hupenda kujipendelea. Wataalamu wa siku hizi wameyachunguza mambo hayo mawili kwa hesabu, na yafaa tusikie waliyoyaona.

Nianze na habari itakayowafaa waalimu. Mwaka 1999, katika chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, Justin Kruger na David Dunning waliwapa wanafunzi mitihani ya sarufi, ya mantiki, na ya kutambua mzaha mzuri na mbaya. Kabla ya kuwaambia matokeo waliwauliza, "Wewe wadhani umewashinda wenzako wangapi?" Wale walioangukia katika robo ya mwisho kwa kweli walikuwa wamewapita wenzao 12 tu katika kila 100, lakini wao wenyewe walidhani wamewapita 62. Na wale waliokuwa juu kabisa walijiweka chini kidogo ya mahali pao. Wachunguzi hao walieleza sababu hivi: elimu itakiwayo ili kufanya kazi vema ndiyo hiyo hiyo itakiwayo ili kuitambua kazi mbaya; aliyekosa ya kwanza amekosa na ya pili. Wako wataalamu wanaobishana juu ya sababu hiyo, wakisema sehemu yake yatokana na namna ya kupiga hesabu. Lakini jambo lenyewe waalimu mnalijua tangu zamani: mtoto atokaye katika mtihani akichekelea si sikuzote ndiye aliyefaulu.

Basi, je, matabibu ni watu wa namna nyingine? Wamesoma miaka mingi, wamepita katika mitihani mingi. Labda wao wajijua. Mwaka 2006 David Davis na wenzake walikusanya machunguzi 17 yaliyoandikwa juu ya neno hili. Ndani yake mlikuwa na milinganisho 20, upande mmoja yale ambayo matabibu walijisemea juu ya kazi yao, na upande wa pili yale yaliyoonekana na wapimaji wengine. Katika milinganisho 13 kati ya 20, pande hizo mbili zilipatana kidogo tu, au hazikupatana kabisa, au hata zilikwenda kinyume. Tena waliokosea zaidi ya wote ni wawili: wale waliokuwa hafifu katika kazi, na wale waliojiamini mno.

Juu ya wapasuaji peke yao, yaani juu ya kazi ya mkono, habari haikuwa mbaya kabisa. Mwaka 2003, huko Toronto katika nchi ya Kanada, wanafunzi wa upasuaji waliokuwa karibu kumaliza masomo walipewa kumpasua nguruwe kwa njia ya matundu madogo, huku kamera ikipiga picha. Kila mmoja alipomaliza alijipa alama, na mabingwa nao wakampa alama. Kisha alionyeshwa sinema ya kazi yake mwenyewe, akajipa alama mara ya pili. Alama hizo za pili zilizikaribia zaidi zile za mabingwa. Angalieni jambo hili. Mikono ilikuwa ile ile, na kazi ilikuwa ile ile. Hakuna aliyeongezewa elimu kati ya alama za kwanza na za pili. Kilichobadilika ni mahali alipokaa. Mara ya kwanza alijiona kama mtendaji. Mara ya pili alikaa mahali pa mtazamaji. Kumbe mtu aweza kujiona zaidi, lakini sharti kwanza atoke nje ya nafsi yake.

Mtu aweza kuuliza, "Lakini wale wenye vyeti, waliokwisha kuhitimu, si wote ni hodari sawasawa?" Neno hili nalo lilichunguzwa. Mwaka 2013 John Birkmeyer na wenzake walitangaza habari ya wapasuaji 20 wa jimbo la Michigan, Marekani, wote wakiwa mabingwa wanaofanya kazi moja, yaani kulifupisha tumbo la watu walionenepa mno hata wakawa wagonjwa. Kila mmoja alitoa sinema moja ya kazi yake aliyoichagua mwenyewe. Sinema hizo zilitazamwa na wapasuaji wenzao wasiopungua 10 kwa kila mmoja, nao hawakuambiwa ni mikono ya nani. Alama za juu kabisa zilikuwa 5. Aliyepata nyingi alipata 4.8, aliyepata chache alipata 2.6. Na sinema hizo, nasema tena, kila mtu alijichagulia!

Kisha waliangalia habari za wagonjwa wao. Wagonjwa wa wapasuaji walio katika robo ya chini walipatwa na madhara 14.5 katika kila 100. Wagonjwa wa wale walio katika robo ya juu, 5.2. Waliokufa mikononi mwa robo ya chini walikuwa 26 katika kila 10,000, na mikononi mwa robo ya juu 5. Hivyo macho ya wenzao, kwa kutazama sinema moja tu, yaliona jambo ambalo baadaye lilijidhihirisha katika miili ya watu. Ukweli juu ya mkono ulikuwapo. Ila ulikaa katika macho ya mwingine.

Sasa tuulize, kwa nini ni vigumu hivyo kwa mpasuaji kuujua mkono wake? Seremala akifanya meza mbovu huiona ikiyumba. Fundi wa dau huko Kilwa akiziba vibaya, maji yataingia siku ile ile ya kushusha chombo. Lakini mpasuaji hushona, akaifunika kazi yake kwa ngozi, wala haioni tena. Na matokeo yake hayaji siku ile. Mwaka 2018 wachunguzi kutoka nchi 25 za Afrika walitangaza habari za wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247. Wagonjwa 239 walikufa. Na katika hao 239, waliokufa baada ya siku yao ya kupasuliwa walikuwa 225. Fikirini maana yake. Mpasuaji akivua mifuko ya mikono jioni, akajiuliza, "Je, nimefanya vema?", karibu sikuzote jibu la jioni ile litakuwa, "Naam, vema." Mgonjwa yu hai, damu imekatika, uzi umekaa. Jibu la kweli bado liko njiani, nalo litafika usiku wa tatu au siku ya kumi, katika wodi yenye muuguzi mmoja, au nyumbani, mahali asipokuwapo yeye.

Hapa nataka niwakumbushe jambo la kwetu. Katika jando la wazee, ngariba hakukata na kwenda zake bila habari. Wavulana walikaa kumbini mpaka vidonda vilipopona. Waliowauguza walivitazama kila siku, na wazee walijua ni mtoto yupi aliyepona upesi na yupi aliyekawia. Sisifu wembe wa zamani kuliko vyombo safi vya hospitali. Watoto waliumia na wengine waliharibika, nasi twajua hivyo. Lakini katika jambo hili moja jando lilikuwa na hekima: aliyekata na aliyekatwa hawakutengana kabla matokeo hayajaonekana. Hospitali ni kinyume. Vitanda ni vichache, nauli ni ghali, na mama hutaka kuwarudia watoto wake. Siku chache zikiisha huruhusiwa, akapanda kilima, na habari yake hukoma. Kidonda kikitunga usaha baadaye, labda huenda zahanati iliyo karibu, labda kwa mganga wa kienyeji, labda hukaa kimya. Na mpasuaji, kwa kuwa hakusikia neno, huandika moyoni mwake, "Amepona." Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba wapasuaji wengi wanaojipima vibaya hawafanyi hivyo kwa kiburi. Wanapima kwa kibaba chenye tundu.

Palikuwa na mtu mmoja huko Boston, Marekani, aliyeliona tundu hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jina lake Ernest Codman. Yeye alishika neno rahisi sana, hata ni ajabu kwamba liliwaudhi watu: kila hospitali imfuate kila mgonjwa muda wa kutosha ili ijue kama amepona, na kama hakupona, iulize ni kwa sababu gani. Aliandika habari ya kila mgonjwa katika kadi, akamwita tena baada ya mwaka. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo. Hospitali kubwa alikofanya kazi ilikuwa na desturi ya kuwapandisha wapasuaji kwa miaka ya utumishi. Yeye alitaka wapandishwe kwa matokeo ya kazi, na mwaka 1914 akaacha kazi pale. Kati ya 1911 na 1916 wagonjwa 337 walitoka katika hospitali yake, naye alipiga chapa mbele ya watu wote makosa 123 aliyoyahesabu, akiyagawa kwa sababu zake: hili kwa kukosa elimu au ustadi, hili kwa kukosa busara, hili kwa kukosa vyombo, hili kwa kutoyatambua maradhi. Wenzake wengi walimwepuka, na fedha zake ziliisha. Lakini leo hospitali za dunia nzima zinafuata njia aliyoifungua, hata zile zisizojua jina lake.

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya Boston na Toronto tu. Katika bonde la Kilombero, huko Ifakara, ipo hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 2007 na 2008 hospitali hiyo ilikuwa mojawapo ya hospitali nane za dunia zilizochaguliwa na Shirika la Afya Duniani kuijaribu orodha ya maneno 19, yanayosemwa kwa sauti chumbani mwa upasuaji mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa. Wenzake walikuwa London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Maneno ya orodha ile ni mepesi. Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Amepewa dawa ya kuzuia usaha? Kila mtu chumbani ataje jina lake na kazi yake. Sindano na vitambaa vihesabiwe, visije vikasahauliwa tumboni.

Mpasuaji wa miaka ishirini angeweza kukasirika, aseme, "Hayo nayajua, wala siyasahau." Lakini hesabu ilisema neno lingine. Kabla ya orodha, katika hospitali hizo nane kwa jumla, wagonjwa 11 katika kila 100 walipatwa na madhara. Baada yake, 7. Waliokufa kabla yake walikuwa 1.5 katika kila 100. Baada yake, 0.8. Baadaye wafanya kazi wa hospitali hizo waliulizwa juu ya orodha. Wako waliosema ni ya usumbufu. Lakini walipoulizwa, "Kama wewe ndiwe utakayelala mezani, wataka orodha itumiwe?", watu 93 katika kila 100 walijibu, "Ndiyo." Swali hilo ni kipimo kizuri, waalimu wangu. Mtu akitaka kujua kweli yake, asiulize, "Mimi ni hodari?" Na aulize, "Ningependa kutendewa kwa mkono wangu huu, bila mwenzangu kuusimamia?"

Sasa nije kwenye shida yetu wenyewe, nayo ni upweke. Mpasuaji wa mji mkubwa ana wenzake; akikosea, kesho yake asubuhi huulizwa. Mpasuaji wa hospitali ndogo ya vilimani, masika yakiwa yameharibu barabara, hana wa kumwuliza. Yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye mdogo. Wauguzi humwona, lakini huona haya kusema. Wagonjwa humsifu, kwa kuwa ni heshima kumsifu aliyekusaidia. Na ninyi mnajua, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siye aliye mbaya. Ni sifa isiyo na kipimo inayomlegeza.

Tena asidhani mtu kwamba cheo ndicho kipimo. Tangu miaka ya 1960 Tanzania iliwafundisha matabibu wasaidizi, watu waliopanda kutoka kazi za chini za uganga kwa masomo ya ziada, nao ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuwapasua akina mama wasioweza kujifungua katika hospitali za wilaya na za misheni. Wengi waliwatilia shaka. Mwaka 2009 Colin McCord na wenzake walitangaza habari za hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma, wakilinganisha kazi ya matabibu wasaidizi na ya madaktari wenye shahada. Hawakuona tofauti kubwa katika matokeo ya akina mama na watoto. Mambo hayo hayakujulikana kwa kuwauliza wasaidizi kama wanajiamini, wala kwa kuwauliza madaktari kama wanawaamini. Yalijulikana kwa kuwahesabu akina mama na watoto wao.

Wako walioujua upweke huu na kutafuta dawa yake. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha shirika la matabibu warukao kwa ndege, ambalo leo twaliita AMREF, lenye makao yake Nairobi. Ndege ilimfikisha mpasuaji bingwa katika hospitali za mbali. Aliwapasua wagonjwa waliomngojea, lakini tena alisimama mezani pamoja na tabibu wa pale. Na wawili wakisimama meza moja, kila mmoja amepata kioo. Na mwaka 1999 kilianzishwa Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha. Wanafunzi wake hujifunza humo humo katika hospitali wanakofanya kazi, chini ya macho ya mkufunzi, na kila upasuaji huandikwa katika daftari: umefanya nini, ukiwa peke yako au ukisaidiwa. Hapo neno "nina ujuzi mwingi" halitoshi; hufunguliwa daftari.

Najua yupo atakayesema, "Ndugu, ukiwaambia watu hivi watawaogopa matabibu, nao matabibu watavunjika moyo." Naliheshimu neno hilo, maana hofu nayo huua: mama anayeogopa kisu huchelewa nyumbani mpaka saa ya kuponywa imepita. Basi nasema waziwazi, tusirudi nyumbani tukiwashuku wapasuaji wetu. Wanafanya kazi mchana na usiku kwa vyombo vichache. Tena tumesikia kwamba walio hodari mara nyingi hujiweka chini ya mahali pao. Na huyo naye apaswa kuambiwa kweli, apate moyo wa kuwapokea wagonjwa anaowaweza. Kumpima mtu kwa haki si kumshtaki. Aliyeachwa bila kipimo ndiye aliyeachwa peke yake.

Basi yatupasa nini sisi tusioshika kisu? Yatupasa mambo matatu.

Kwanza, turudishe habari. Huko Rwanda, katika wilaya ya Kirehe, akina mama waliopasuliwa ili wajifungue walifuatwa nyumbani siku ya kumi hivi na wahudumu wa afya wa vijiji, wakatazamwa kidonda, kikapigwa picha kwa simu, na habari ikafika kwa matabibu. Sisi nasi tunao wahudumu wa vijiji, tunayo simu, na tunao waalimu. Mwalimu ambaye mama wa mwanafunzi wake amepasuliwa aweza kuuliza, "Kidonda kimekaaje?" Kama kimevimba, au kinatoa maji, au mama ana homa, ahimizwe arudi upesi pale pale alipopasuliwa. Akirudi anafanya mema mawili: anajiponya yeye, na anamfundisha mpasuaji. Na aliyepona kabisa naye, siku akipita njia, aingie aseme, "Nimepona." Neno hilo si adabu tu, ni hesabu.

Pili, tuseme kweli pamoja na shukrani. Ukileta kuku au ndizi kumshukuru tabibu, umefanya vema. Lakini kama mguu wako bado wakufa ganzi tangu siku ile, mwambie na hilo. Usilifiche kwa heshima ukaenda kulisema kisimani. Mlango wa hospitali ndio mahali pake. Likisemwa kisimani limekuwa masengenyo, na mkono hautanyoshwa kwa masengenyo.

Tatu, tusimwache mpasuaji wetu peke yake. Baraza zetu zinapokutana kupanga matumizi, kitanda kipya huonekana haraka, na bati jipya huonekana haraka. Nauli ya tabibu kwenda kukaa wiki mbili na wenzake Ndanda au Ifakara haionekani. Wala chakula cha bingwa ajaye kusimama naye mezani. Wala daftari, na kijana mmoja wa kuandika ndani yake nani amepona na nani hakupona. Hata hivyo, kwa fedha hizo chache labda tutaokoa watu wengi kuliko kwa bati.

Nanyi waalimu nina neno moja la mwisho. Haya niliyoyasema juu ya kisu ni sawa juu ya chaki. Sisi nasi hufunga mlango wa darasa tukafundisha peke yetu, na watoto hawawezi kutusahihisha, na wazazi hutusifu. Kama twataka wapasuaji wakubali kutazamwa, na tuanze sisi: mwalimu amwite mwenzake, aketi nyuma ya darasa saa moja, kisha aseme aliyoyaona bila kuficha. Mtoto aliyekulia mahali ambapo watu wazima hutazamana kazi bila kuoneana haya, siku akiwa tabibu hatakasirika mwenzake akimwambia, "Ndugu, hebu shona tena pale."

Yubile ijayo, wengine wetu hatutakuwapo. Natamani watakaokuwapo, wakihesabu wagonjwa waliopasuliwa katika vilima hivi, waweze kuhesabu na waliopona, kwa daftari wala si kwa kukisia. Hesabu hiyo haiwezi kuandikwa na mpasuaji peke yake. Kalamu nyingine iko mikononi mwetu.